Majumba ya enzi ya pamba Mwanza yaorodheshwe kabla hayajaisha

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua ili niwafikishie wasomaji wenzangu, na hasa waheshimiwa madiwani na maofisa wa Halmashauri ya Jiji la Mwanza, jambo ambalo limenikaa moyoni tangu niliporudi safari. Linahusu majengo ya zamani ya katikati ya jiji letu, yale ya ghorofa moja au mbili yaliyojengwa kwa fedha za pamba, ambayo yanaondoka moja baada ya jingine bila mtu yeyote kuandika yalikuwa ya nani, yalijengwa lini na yalitumika kwa kazi gani.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa somo la historia. Mwaka jana nilikwenda kumtembelea binti yangu anayeishi karibu na Washington, mji mkuu wa Marekani, na Jumamosi moja asubuhi alinipeleka kwenye matembezi ya miguu yanayoanzia mzunguko wa Dupont na kufuata barabara ya Massachusetts, mwongozaji akiwa mbele na sisi nyuma yake. Tulikuwa watu kama kumi na wawili, na nilipouliza wametoka wapi, wengi walinijibu kwamba ni wakazi wa mji huohuo. Jambo hilo lilinigusa kabla hata hatujaanza kutembea, kwa sababu hapa kwetu tumezoea kudhani kwamba kutembezwa mjini ni shughuli ya mgeni mwenye kamera, wakati wale walikuwa wenyeji, wengine wazee wanaotembelea fimbo, waliotoa fedha zao ili waelezwe habari za mitaa wanayoipita kila siku.

Matembezi yale yalihusu majumba ya kipindi ambacho Wamarekani wenyewe wanakiita zama zilizopakwa dhahabu, yaani miongo ya mwisho ya karne ya 19 na miaka michache baada yake. Mwongozaji alilitilia mkazo neno hilo, kwamba hazikuwa zama za dhahabu bali zama zilizopakwa dhahabu, na kwamba ukikwangua rangi utakutana na kitu kingine chini yake. Reli, chuma, migodi na biashara ziliwatajirisha watu wachache kwa kasi ambayo nchi ile haikuwahi kuiona, na wengi wao, wakiwa wamekwisha kupata mali mbali na hapo, walikuja Washington kujenga ili wawe majirani wa serikali na wapate kuonekana kwenye karamu za wakubwa.

Nyumba iliyonishika zaidi ni ile ya namba 2020 katika barabara ya Massachusetts. Aliijenga Thomas Walsh, Mwairishi aliyeingia Marekani akiwa kijana fundi seremala, akahangaika kwenye machimbo ya magharibi kwa miaka mingi, mpaka mwaka 1896 alipoigundua dhahabu katika mawe ambayo wenzake waliokuwa wakitafuta madini ya fedha walikuwa wameyapuuza, karibu na mji mdogo wa Ouray katika jimbo la Colorado. Mgodi wake wa Camp Bird ulimpa utajiri mkubwa, na nyumba yake ilipokamilika mwaka 1903 ilikuwa imekula dola 835,000, ikiwa na vyumba 60 na ngazi pana inayopanda katikati kisha ikagawanyika kulia na kushoto, mfano wa ngazi za meli kubwa za abiria za wakati ule. Inasemekana kwamba Walsh alipachika kipande cha jiwe lenye dhahabu ya mgodi wake pale kwenye kibaraza cha mlangoni, ili nyumba ianze na kile kilichoijenga. Mtu wa Kanda ya Ziwa hawezi kusimama mbele ya mlango ule akabaki mtulivu. Sisi ni majirani wa Geita. Tumewaona vijana wetu wakishuka kwenye maduara kwa kamba, na tunajua kwamba kati ya jiwe linalopandishwa juu na nyumba inayojengwa mjini kuna mikono mingi ambayo haiandikwi popote. Nilimuuliza mwongozaji wachimbaji wa Walsh walikuwa wakilala wapi. Alifurahi kuulizwa, akasimama pale pale kando ya barabara na kutueleza habari za bweni lao juu milimani, katika theluji, na kwa haki ya Walsh akasema kwamba bweni hilo lilisifiwa kwa umeme na chakula chake. Kikundi kizima kilikaa kimya kikisikiliza, na nikaona kwamba nyumba ile sasa ilikuwa imekamilika machoni petu, juu hadi chini, kuanzia mgodini hadi kwenye vioo vya dari.

Hatua chache kutoka mzungukoni kuna nyumba nyingine, ya Christian Heurich, Mjerumani aliyetajirika kwa kutengeneza bia. Viwanda vyake vilikuwa vimewahi kuungua, na kwa hofu hiyo alijenga kwa zege na chuma, akaweka juu ya mnara sanamu ya mjusi yule ambaye wazee wa Ulaya waliamini kwamba haunguzwi na moto, na ingawa ndani kuna meko 15 ya kuotea, yaliyochongwa kwa ustadi wa ajabu, inaelezwa kwamba hayakuwahi kuwashwa. Ujenzi wake ulianza mwaka 1892. Naomba msomaji wa Mwanza aukumbuke mwaka huo, kwa maana ndio mwaka ambao Wajerumani wengine walianzisha kituo chao cha utawala hapa kwetu, kando ya ziwa. Nilipokuwa nimesimama chini ya mnara wa Heurich mawazo yangu yote yalikuwa yamekwisha kurudi nyumbani.

Nisije nikaeleweka vibaya kwamba wenzetu wamehifadhi kila kitu. Katika mzunguko uleule wa Dupont palikuwa na jumba la Levi Leiter, mfanyabiashara tajiri wa Chicago, nalo lilibomolewa mwaka 1947 na mahali pake pakajengwa hoteli. Baada ya kodi ya mapato kuanzishwa mwaka 1913, na zaidi baada ya mdororo mkubwa wa uchumi ulioanza mwaka 1929, familia nyingi zilishindwa kuyaendesha majumba hayo, na hapakuwa na mnunuzi anayeyataka kwa bei iliyoyajenga. Nyumba ya Walsh yenyewe, iliyogharimu dola 835,000, iliuzwa mwaka 1951 kwa dola 335,000 kwa serikali ya Indonesia, na mpaka leo ni ubalozi wao. Jumba la Larz Anderson, mwanadiplomasia, limekuwa makumbusho na makao ya chama cha kihistoria. Jumba la familia ya Townsend limekuwa klabu ya wasomi. Nyumba ya Heurich ilipokuwa hatarini kuuzwa mwaka 2003 ilinunuliwa na wajukuu wake wenyewe ili iendelee kuwa makumbusho. Kwa maneno mengine, yaliyosalimika ni yale yaliyopata kazi mpya ya kufanya, na kuanzia mwaka 1978 eneo zima la Dupont liliandikwa katika orodha ya maeneo ya kihistoria, hivi kwamba mwenye nyumba anayetaka kubomoa au kubadilisha sura ya mbele hana budi kwanza kwenda kujieleza mbele ya bodi.

Sasa nirudi Mwanza. Anayetoka upande wa bandari akaifuata Barabara ya Nyerere na kuingia mitaa ya Makoroboi, kama atainua macho juu ya mabango ya simu na vipodozi, ataona mji mwingine uliokaa juu ya huu tunaoufahamu. Ataona roshani za zege zilizotobolewa maua, nguzo za mviringo zilizobeba baraza ili wateja wasinyeshewe, madirisha yenye vibao vya mbao vya kupitishia upepo wa ziwa, na juu kabisa, kwenye paji la jengo, jina la mwenye mali na mwaka, vyote vimefinyangwa kwa lipu. Majengo hayo hayana ukubwa wa yale ya Washington, lakini yametokana na jambo lilelile, yaani mali iliyokuja ghafla na watu waliotaka ionekane. Mali yetu ilikuwa pamba. Wajerumani waliihimiza, Waingereza walioingia mwaka 1916 wakaipanua, na reli kutoka Tabora ilipofika mwaka 1928, marobota ambayo zamani yalivushwa kwa meli hadi Kisumu ili yakapande treni ya Mombasa yakapata njia ya kwenda Dar es Salaam. Wafanyabiashara wenye asili ya India walifungua maduka na viwanda vya kuchambua pamba, na faida yake ndiyo hiyo tunayoiona juu ya mabango.

Wapo watakaosema, na nimeshawasikia wakisema, kwamba majengo hayo ni kumbukumbu ya wakoloni na ya matajiri walioletwa na ukoloni, na kwamba mtoto wa Msukuma hana sababu ya kuyalilia. Naiheshimu hoja hiyo kwa sababu inatoka kwenye maumivu ya kweli. Lakini baba yangu alikuwa mkulima wa pamba Magu, na katika nyumba yetu hapakuwa na habari iliyorudiwa mara nyingi kama ya mizani. Alikuwa akisimulia jinsi gunia alilolishindilia mwenyewe kwa miguu, tena pamba safi isiyo na hata fundo moja la fifi, yaani pamba chafu, lilivyokuwa linapoteza uzito kila lilipotundikwa mbele ya karani wa mnunuzi. Ni malalamiko hayohayo, ya wakulima wengi kama yeye, yaliyowafanya watu wa Kanda ya Ziwa wadai wapimaji wao wenyewe mwanzoni mwa miaka ya 1950 na kuunda vyama vya ushirika, ambavyo mwaka 1955 viliungana katika shirikisho la Victoria likiongozwa na Paul Bomani, likawa miongoni mwa mashirika makubwa kabisa ya ushirika katika Afrika nzima. Ratili zilizopunjwa kwenye mizani ya baba yangu ziko mahali fulani, na mimi naamini kwamba ziko kwenye zile roshani. Ukilibomoa jengo hilo kwa kuwa ni la mnunuzi, umefuta pia ushahidi wa mkulima, na mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilipovunjwa tulikwisha kupoteza ushahidi mwingine wa kutosha.

Nina jambo moja la kusimulia ambalo nililishuhudia kwa macho yangu. Miaka michache kabla sijastaafu, duka moja la zamani la katikati ya mji, ambalo nilikuwa nikinunua chaki na madaftari ya darasa langu, lilibomolewa kwa siku tatu. Sitataja mtaa wala mwenyewe, kwa kuwa alikuwa anatumia mali yake na hakuna aliyemweleza vinginevyo. Kwenye paji lake palikuwa na tarakimu za mwaka: 1, 9 na 3 zilisomeka vizuri, na ya nne ilikuwa imefunikwa na rangi ya tangazo, nami kwa miaka yote ile nilikuwa nikipita nikijaribu kuikisia. Siku ya pili ya ubomoaji nilikuta vijana wanne wanaupakia mlango wake kwenye pikapu. Ulikuwa mlango wa mbao nzito wa mabamba mawili, umechongwa mizabibu inayopanda pande zote mbili na kukutana juu, na katikati una nguzo iliyochongwa mafundomafundo kama mua. Nilipouliza unapelekwa wapi, mmoja alinijibu kwa upole kabisa, "Mwalimu, mbao tu hizi." Nami, mwalimu wa historia, sikuwa na neno la kumjibu.

Neno hilo lilikuwepo, ila sikulijua. Sheria yetu ya Mambo ya Kale, namba 10 ya mwaka 1964, inaitaja milango na fremu za mbao zilizochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa nchi za Mashariki kabla ya mwaka 1940 kuwa ni vitu vinavyolindwa. Msomaji ataona kilichoniuma: kama mlango ulikuwa na umri mmoja na jengo, basi ile tarakimu ya nne iliyofichwa na rangi haikuwa na maana yoyote, kwa kuwa kuanzia 1930 hadi 1939 yote iko kabla ya 1940, na mlango ule ulikuwa unalindwa na sheria ya nchi wakati unafungwa kamba mbele yangu.

Kwa upande wa majengo, sheria hiyohiyo inatuacha nje. Jengo linalindwa kwa umri wake peke yake kama lilijengwa kabla ya mwaka 1863. Kilwa, Bagamoyo na Pwani kwa jumla wana cha kuonyesha katika mpaka huo, lakini Mwanza kama mji ilianza mwaka 1892, kwa hiyo hakuna hata jengo moja la jiji letu, iwe ile nyumba ya Wajerumani iliyo juu ya mlima wa mawe katikati ya mji, iwe stesheni, iwe duka la Makoroboi, ambalo linalindwa kwa sababu tu ni la zamani. Njia mojawapo iliyobaki ni Waziri mwenye dhamana kulitangaza jengo husika katika Gazeti la Serikali, na Waziri hawezi kutangaza jengo ambalo hakuna aliyemwandikia kulihusu. Hapo ndipo ninapoiomba Halmashauri yetu. Isisubiri Dodoma. Iwatume maofisa wake wa ardhi na utamaduni, pamoja na wanafunzi wa majengo kutoka vyuo vyetu, wapite mtaa kwa mtaa na kuorodhesha kila jengo la kabla ya uhuru: picha ya mbele, mwaka kama upo, jina kama lipo, nani anaishi humo, na wazee wanakumbuka nini. Kazi hiyo haihitaji mfadhili. Inahitaji miezi michache na viatu imara, na orodha ikikamilika ipelekwe Idara ya Mambo ya Kale ikiwa na mapendekezo ya Jiji.

Jambo la pili, ambalo kwangu haliwezi kutenganishwa na la kwanza, ni matembezi. Wenzetu wa Dar es Salaam wameshaanza. Katika Boma la Kale, lililojengwa enzi za Sultani Majid katika miaka ya 1860, kuna kituo cha urithi wa majengo ambacho huwatembeza watu mjini. Mwanza ina uwezo huo. Nimeipita njia yenyewe mara kadhaa tangu niliporudi, polepole, kwa mwendo wa mzee, na haizidi saa mbili na nusu. Inaanza kwenye mnara wa saa, penye kumbukumbu ya mpelelezi Mwingereza John Hanning Speke kuliona ziwa tarehe 3 Agosti 1858, na hapo mwongozaji mzuri atalitaja pia jina la Sidi Mubarak Bombay, aliyekuwa pamoja naye, na atakumbusha kwamba watu walikuwa wakivua katika ziwa hili kabla ya wote wawili. Inapanda mlima wa mawe wenye nyumba ya Wajerumani, ambao unatajwa kwa jina la Robert Koch, daktari aliyekuja upande huu wa ziwa mwaka 1906 kutafiti ugonjwa wa malale. Inashuka Makoroboi kwenye mahekalu ya Wahindu na maduka ya zamani, inapita stesheni ambako mwaka 1928 treni ya kwanza ilipiga honi, na inaishia kando ya maji mkabala na jiwe la Bismarck wakati jua linazama. Kituo kimoja kisikosekane kabisa: mahali pa kusimulia habari za mizani na ushirika, na kama wazee waliowahi kuwa makarani wa pamba bado wapo, wao ndio waisimulie.

Watalii wanaotua kwetu wakielekea Serengeti, au wanaovuka kwenda kisiwa cha Saanane, wanalala usiku mmoja na kuondoka, kwa sababu hakuna aliyewapa sababu ya kutembea. Vijana wetu waliosoma historia na lugha wanazunguka na vyeti. Hata hivyo, Mhariri, mimi ningeridhika kama wa kwanza kutembezwa wangekuwa wanafunzi wa shule za msingi za kata za Nyamagana na Ilemela, kwa sababu mtoto aliyeonyeshwa roshani na kuambiwa kwamba babu yake aliilipia ataiangalia kwa jicho jingine akiwa diwani.

Najua wenye majengo watauliza watakula nini. Swali hilo ni la haki, na sitaki jiji liwageuze walinzi wa makumbusho kwa gharama zao. Yako majengo ambayo nyuma yake pana uwanja wa kutosha kujenga ghorofa tano bila kugusa uso wa mbele. Yako mengine ambayo yangefaa kuwa migahawa, maktaba au ofisi za mawakili kwa kodi nzuri kuliko inayolipwa sasa na stoo za vyuma chakavu. Jiji linaweza kukaa na kila mmiliki na kuzungumza naye kuhusu vibali na tozo zake lenyewe kabla tingatinga halijafika. Mazungumzo ya namna hiyo yanawezekana tu pale ambapo mmiliki na ofisa wote wawili wanajua kwamba jengo liko kwenye orodha.

Mwisho nina ombi kwa msomaji ye yote ambaye huenda ana ule mlango niliousimulia, au anajua ulipouzwa. Urefu wake unapita kimo cha mtu mrefu aliyeinua mkono, bamba la kushoto lina ufa uliozibwa kwa kipande cha shaba chenye misumari sita, na kwenye fremu, upande wa kulia, usawa wa kifua, pana alama nyeusi ya mafuta ambapo wateja wa miaka yote walikuwa wakishika wanapopanda kizingiti. Sitauliza ulivyopatikana. Ninachoomba ni kuruhusiwa kuja kuupiga picha, ili orodha itakapoanza kuandikwa uwe na mahali pake, na bahasha yoyote itakayoachwa kwako, Mhariri, kwa jina la mwalimu wa Isamilo, itanifikia.

Mwalimu mstaafu,
Isamilo, Mwanza